Gita Lako Lahitaji Fundi, au Lahitaji Nyuzi Mpya Tu?

Zamani, katika bendi kubwa za Dar es Salaam, gita la umeme halikuwa mali ya mpigaji. NUTA Jazz ilipoundwa mwaka 1964, vyombo vyake vilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilikuwa kwanza chini ya shirika la usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Mwanamuziki aliyehamia bendi nyingine aliondoka na vidole vyake tu. Gita lilipougua, aliyetakiwa kulitibu ni mwenye bendi.

Mambo siyo hayo tena. Kijana wa Buguruni apigaye katika kwaya, au mfanyakazi wa Gerezani apigaye arusini siku za Jumamosi, hulinunua gita kwa akiba yake mwenyewe, na fedha anayomlipa fundi hutoka katika mfuko ule ule unaonunua unga na madaftari ya watoto. Kwa hiyo kujua kama gita linahitaji marekebisho kamili ya fundi, au halihitaji, ni jambo la nyumba nzima.

Ndugu msomaji, anza na nyuzi. Katika mji huu wa pwani, hewa ya chumvi na jasho la mikono huzila nyuzi upesi kuliko inavyodhaniwa. Uzi uliopata kutu hupoteza mng'aro wa sauti, hukataa kutulia kila unapopatanishwa, na hudanganya sikio. Wako watu waliokwisha kulaani shingo, mbao na kiwanda, kumbe ugonjwa ulikuwa ni nyuzi zilizokaa mwaka mzima. Funga nyuzi mpya za unene ule ule wa zamani, zivute kidogo kwa mkono ili zizoee, kisha ndipo uhukumu. Ukibadili unene, mvuto wa nyuzi hubadilika na shingo nayo hubadilika. Hapo umejitafutia kazi nyingine.

Baada ya nyuzi, tazama shingo. Wengi hudhani kuwa shingo nzuri ni ile iliyonyooka kama rula. Sivyo. Uzi unapopigwa hutikisika, nao huhitaji nafasi, ndiyo maana shingo huachiwa mbonyeo mdogo sana. Kandamiza uzi mnene kwenye kichuma cha kwanza, na kwa mkono wa pili ukandamize kwenye kichuma cha mwisho; uzi wenyewe sasa ndio rula yako. Chungulia katikati, karibu na kichuma cha 7 au cha 8. Mwanya ukiwa robo ya milimita hivi, unaotosha kadi nyembamba kupita, shingo ni nzima. Mwanya mkubwa zaidi huzinyanyua nyuzi zikachosha vidole. Usipokuwapo kabisa, nyuzi huparuza vichuma na kulia kama nyuki.

Unyevu una sehemu yake katika jambo hili. Mbao hunywa maji ya hewa, na gita lililokuwa sawa kabisa mwezi Januari laweza kubadilika wakati wa masika. Ndani ya shingo umo ufito wa chuma unaokazwa au kulegezwa kwa ufunguo mdogo, na hapo ndipo hasara nyingi huanzia. Jirani mwenye bisibisi na moyo wa kusaidia huukaza mpaka ukatike. Ajuaye kazi huuzungusha robo mzunguko tu, akapatanisha nyuzi, akatazama tena. Asiyejua na auache.

Lipo jaribio moja ambalo mpiga solo wa hapa kwetu asilikose kamwe. Katika muziki wa dansi magita mawili au matatu hujibizana, na solo hupanda juu kabisa ya shingo wimbo unapochangamka. Gita linaloimba vizuri chini na kupotoka juu huaibisha bendi nzima, kwa kuwa ridhimu inayolizunguka huifichua kila kasoro. Basi gusa uzi kwa wepesi juu ya kichuma cha 12, ambacho ndicho nusu ya urefu wake, uupige na kuondoa kidole; itatoka sauti nyembamba kama ya kengele. Kisha ukandamize hapo hapo na kuupiga tena. Sauti mbili hizi yafaa ziwe moja. Programu ya kupatanishia iliyomo katika simu itakuhakikishia. Ile ya kukandamiza ikiwa juu zaidi, uzi unahitaji kurefushwa kwa kukisogeza nyuma kile kipande cha chuma kinachoubeba darajani. Ikiwa chini, kisogezwe mbele. Kwa magita mengi kazi hii ni ya bisibisi ndogo na subira, nawe waweza kuifanya mwenyewe, mradi nyuzi ziwe mpya.

Mikwaruzo inayosikika katika amplifaya unapozungusha vitufe, au sauti inayokatika waya ukitikiswa, ni habari nyingine kabisa. Mara nyingi huwa ni vumbi au mlehemu ulioachia, na fundi redio hodari wa Kariakoo ataumaliza bila kuugusa mti.

Ya kumpelekea fundi wa magita ni haya: vichuma vilivyochimbika kwa kuliwa na nyuzi, mifereji ya kile kipande cha mfupa au plastiki kilicho kichwani mwa shingo ikiwa ya kina kirefu mno au kifupi mno, na shingo iliyojisokota upande mmoja. Hizo zataka tupa maalumu na mkono uliozoea. Hata gita jipya kutoka dukani laweza kuwa na mifereji isiyochongwa vyema.

Ufikapo kwa fundi, mweleze dalili, usimwagize dawa. Mwambie ni uzi upi unaolia na kwenye kichuma cha ngapi, na umwachie nyuzi za unene unaoutumia. Kabla ya kulipa, mwombe alipige mbele yako, aanze chini, apande kichuma kwa kichuma hadi juu, uzi mmoja mmoja.