Kichupa cha Kwanza na Bosi Anayekaa Pembeni

Chukua wasanii waliotambulishwa na lebo ya WCB Wasafi, uangalie nyimbo walizotokea. Harmonize alitoka na "Aiyola" mwaka 2015. Rayvanny akafuata na "Kwetu" mwaka 2016, Lava Lava na "Tuachane" mwaka 2017, Mbosso na "Watakubali" mwanzoni mwa 2018, kisha Zuchu na "Wana" Aprili 2020. Mwenye lebo ni Diamond Platnumz, staa mkubwa kuliko wote hao siku walipotoka, lakini sauti yake haimo katika wimbo hata mmoja kati ya hizo tano. Mfanyabiashara wa kawaida angeona huo ni uzembe: jina kubwa unalo ndani ya nyumba, halafu hulitumii! Kumbe hesabu yenyewe imelala hapo.

Kichupa cha kwanza, yaani video ya wimbo wa kumtambulisha msanii, kina kazi moja tu, kuifunga sauti ngeni kwenye sura ngeni mpaka zisiachane. Mtazamaji bado hajui amtafute nani kwenye skrini. Ukimsimamisha mgeni na staa katika fremu moja, jicho linakwenda kwa linayemfahamu, na kesho yake mtu atakwambia ameona wimbo mpya wa Diamond "na kijana mmoja hivi". Ni kama mwali wa pwani anapotolewa nje, amepambwa, akatazamwa yeye kwanza. Kolabo na bosi huja baadaye. Harmonize aliipata katika "Bado" mwaka 2016, watu wameshamjua. Zuchu akaipata katika "Cheche" miezi michache baada ya "Wana". Waliopita pale wakaondoka na somo. Harmonize alipoanzisha lebo yake ya Konde Music na kumtambulisha Ibraah mwaka 2020, alimtanguliza peke yake na "Nimekubali". Rayvanny naye akamtoa Macvoice mwaka 2021 na "Nenda", peke yake vilevile.

Zuchu ndiye mfano ninaoupenda zaidi, kwa sababu yeye alikuwa na vishawishi viwili. Mama yake ni Khadija Kopa, malkia wa taarabu anayejulikana Zanzibar na bara. Katika EP yake ya kwanza, "I Am Zuchu", yenye nyimbo saba, mama yumo kwenye "Mauzauza" na Mbosso yumo kwenye "Ashua". Lebo yenye haraka ingeanza na mojawapo ya hizo mbili, na magazeti yangepata kichwa cha habari cha bure: mama na mwana. Badala yake kilichotangulia ni kichupa cha "Wana", binti na kamera. Kumbuka pia ilikuwa miezi ya corona, mikusanyiko ya burudani imezuiwa, kwa hiyo hapakuwa na jukwaa la kumpeleka akaonekane. Skrini ya simu ndiyo ilikuwa ukumbi wake. Nadhani kama mama angetangulia, hadi leo tungekuwa tunamwita mtoto wa Kopa.

Haikuwa hivi siku zote. Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam sauti ilitangulia na sura ikafuata baada ya miaka, au isifuate kabisa. Walikuwapo watu walioimba nyimbo za Mbaraka Mwinshehe mwanzo mpaka mwisho lakini wangepishana naye barabarani bila kumsalimu. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mapema miaka ya 1970, ila bara tulisubiri hadi 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Hapo ndipo maandishi madogo ya kona ya chini, jina la msanii, wimbo na dairekta, yalipogeuka cheti cha kuzaliwa cha kila chipukizi.

Tukirudi Wasafi, Mbosso alikuwa na kazi ngumu kidogo kuliko wenzake, maana sura yake haikuwa ngeni. Tulimzoea kama Maromboso, mmoja wa vijana wanne wa Yamoto Band, pamoja na Aslay, Beka na Enock Bella. Macho ya mashabiki yalishazoea kumwona kama robo ya kitu. Kwa hiyo alipewa jina jipya, wimbo wa peke yake, na fremu ambayo hapangi foleni na mtu. Kutambulisha mtu upya ni kazi nzito kuliko kumtambulisha asiyejulikana.

Sasa twende lokesheni, ambako mambo haya huamuliwa. Siku ya kurekodi msanii haimbi kwa ajili ya maikrofoni; wimbo unapigwa kwenye spika, naye anaufuata kwa midomo. Chipukizi wengi hukwama hapa. Studio aliimba mstari mmoja mmoja, prodyuza akaunganisha, na pengine hajawahi kuuimba wimbo wake wote kwa mfululizo. Kamera ikisogea karibu, midomo inachelewa, macho yanatafuta neno linalofuata. Mlegezo, yaani picha za mwendo wa taratibu, una mtego wake pia. Ukitaka picha itembee kwa nusu ya kasi halafu midomo ikubaliane na wimbo, unarekodi fremu 50 kwa sekunde badala ya 25, na wimbo unapigwa kwa kasi mara mbili. Msanii lazima aukimbize wimbo wake bila kuonekana anakimbia. Asipoweza, dairekta anamgeuza mgongo au anamvalisha miwani myeusi, na hapo sura tuliyokuja kuitambulisha imeshapotea.

Jambo jingine ni macho. Msanii akiangalia moja kwa moja kwenye lenzi, mtazamaji anaona anaambiwa yeye. Akiangalia pembeni, anageuka mwigizaji katika hadithi ya mtu mwingine. Vichupa vyetu vya mapenzi humtaka afanye yote mawili, awe msimulizi na awe mpenzi aliyeachwa, na dairekta mwenye akili hutenganisha kwa mavazi na mahali ili tusichanganyikiwe. Mimi kichupa cha mgeni hukipima kwa kukizima sauti. Kiitikio cha kwanza kikipita bila mimi kujua mwimbaji ni nani kati ya watu wote wanaoonekana, najua fedha zimeliwa na gari la kukodi, jumba la kukodi na video queen ambaye tumeshamwona kwenye nyimbo nyingine sita.

Hata aliyekomaa hulazimika kurudia zoezi hili akienda kwa watazamaji wapya. Diamond alikuwa staa wa nyumbani tangu "Kamwambie", lakini nje ya Afrika Mashariki hakuwa anajulikana sana. Kichupa cha "Number One" cha mwaka 2013 kilirekodiwa Afrika Kusini na Ogopa kutoka Kenya, yeye peke yake. Marudio yake pamoja na Davido, yaliyoongozwa na Clarence Peters Nigeria, yakaja baadaye. Mpangilio ni uleule aliokuja kuutumia kwa wasanii wake.

Siku hizi TikTok imeuvuruga mpangilio huo. Kipande cha kiitikio kinaachiwa kama kionjo, watu wanakichezea, na kichupa rasmi kinapotoka wimbo umeshaonekana kwenye nyuso elfu, isipokuwa ya mwenyewe. Tumerudi kwenye sauti isiyo na sura, safari hii nyuso zikiwa nyingi mno. Ndiyo maana madairekta wengine huanza siku kwa kuiweka kamera wima na kumrekodi msanii peke yake akiimba kiitikio, kabla gari halijafika.