Usalama wa Waunda Vyuma

Daraja la Golden Gate lilipojengwa San Francisco, Marekani, baina ya mwaka 1933 na 1937, mhandisi mkuu Joseph Strauss aliwashurutisha mafundi kuvaa kofia ngumu, kisha akaamuru wavu utandazwe chini ya sakafu ya daraja, jambo lililokuwa nadra mno zama zile, ambapo mauti ya fundi yalihesabiwa kuwa sehemu ya gharama. Wavu ule uliwaokoa watu 19. Lakini tarehe 17 Februari 1937 jukwaa la kazi lilianguka, likaupasua, na watu 10 wakaangamia. Kwa hiyo wavu ni himaya ya mwisho, wala si ya kwanza.

Himaya ya kwanza ni mpango wa kazi wenyewe: nguzo isiachiwe na kreni kabla ya kukazwa barabara kwenye msingi wake, boriti isifunguliwe mnyororo maadamu bolti hazijatiwa ncha zote mbili, na fundi aliye juu afunge mkanda wake penye chuma kilicho thabiti. Upepo ukizidi, kazi isimame.

Enyi wenye majengo, msiwaharakishe mafundi hawa.