Kumwongoza mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika utafiti wake wa kwanza

Mwanafunzi wa Kongo aweza kumaliza shule ya sekondari na kupewa diploma ya Taifa bila kuandika hata ukurasa mmoja wa utafiti. Mtihani wa Taifa, ulioanzishwa mwaka 1967, humtaka zaidi achague jibu sahihi miongoni mwa yale aliyowekewa. Insha ya Kifaransa ipo, lakini huandikwa kwa saa chache, bila kitabu wala shahidi. Miaka michache baadaye chuo kikuu humdai kazi ya kumalizia masomo yenye swali, ushahidi na hoja. Hapo wengi hukwama, na baadhi yao hununua kazi iliyokwisha kuandikwa na mwingine. Aghalabu huo huhesabiwa kuwa udanganyifu tu, na ni udanganyifu kweli. Lakini pia ni dalili ya mtu aliyedaiwa kitu ambacho hakuna aliyemfundisha kukitenda.

Utafiti mdogo katika mwaka wa mwisho wa sekondari, wenye kurasa kumi hivi na kazi moja ya mikono ya mwanafunzi mwenyewe, waweza kuziba pengo hilo. Sharti lake ni msimamizi anayejua kazi yake inaanzia wapi na inakomea wapi.

Jambo la kwanza, na gumu kuliko yote, ni kutoka kwenye mada hadi kwenye swali. Mwanafunzi wa Lubumbashi akiachiwa achague, mara nyingi huja na kichwa kama «Historia ya Gécamines». Kichwa hicho hakimwachii njia nyingine ila kunakili. Msimamizi asikikatae, amwulize ni nani nyumbani kwao aliyeishi historia hiyo. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni hiyo waliondoka kazini katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, baada ya kukaa miezi mingi bila mshahara. Basi swali laweza kupunguzwa: wanawake wa barabara moja katika makazi ya wafanyakazi walilishaje jamaa zao mshahara ulipokuwa haufiki? Swali hili lina mahali na wakati wake, lina mashahidi wanaofikika kwa miguu, na jibu lake mwanafunzi hatalikuta limeandikwa tayari katika maktaba ya shule.

Njia hii si ngeni mjini humo. Mwaka 1965 André Yav alikusanya, kwa Kiswahili cha mji, historia ya Élisabethville kama ilivyokumbukwa na waliokuwa watumishi wa nyumbani. Johannes Fabian alilichapisha andiko hilo mwaka 1990. Tangu mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi, chini ya wanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki, umekusanya kumbukumbu za wakazi. Mwanafunzi akionyeshwa mifano hiyo hutambua kuwa maneno ya bibi yake ni ushahidi, na kama ushahidi wowote, hayana budi kupimwa.

Hatari kubwa zaidi huja baada ya mahojiano, na hapo ndipo walimu wa Kiswahili wana la kusema kuliko wenzao wa idara nyingine. Mahojiano hufanywa kwa Kiswahili. Karatasi huandikwa kwa Kifaransa. Mama mmoja aweza kusema kwamba miaka ile hakuwa na kazi, ilhali kila alfajiri alikuwa sokoni akiuza unga. Hakusema uongo: katika Kiswahili cha Katanga, neno «kazi» mara nyingi humaanisha ajira ya mshahara. Mwanafunzi akilitafsiri kwa haraka, utafiti wake utasema kwamba mama huyo alikaa bure, nao utakuwa umefuta jambo lile lile ulilokuwa ukilitafuta. Vivyo hivyo «posho», mgao wa chakula uliotolewa na kampuni, si mshahara, wala si msaada. Kwa hiyo kila neno zito liandikwe kwanza kama lilivyotamkwa, ndipo lielezwe. Msimamizi na adai kuona maneno ya asili kabla ya kusoma Kifaransa chake.

Kuhusu usimamizi wenyewe, vikao vitatu au vinne vyatosha: cha swali, cha mahojiano ya kwanza, cha rasimu, na cha mwisho. Kati yake mwanafunzi awe na daftari la kuandika tarehe, aliyemwona, alichoshindwa kupata. Daftari hilo humlinda kuliko onyo lolote, kwa kuwa aliyenunua kazi hana daftari. Msimamizi asiisahihishe rasimu kwa kalamu yake sentensi kwa sentensi, aulize pembeni, «Umejuaje?» Katika darasa la wanafunzi hamsini kazi hii haimwezekani mwalimu mmoja, na wasaidizi wa chuo kikuu wangefaa kushirikishwa, kila mmoja akichukua wanafunzi wachache.

Pamoja na karatasi huja kazi ya mikono: ramani ya barabara yenye majina ya vituo vya biashara vya enzi ile, sauti zilizorekodiwa kwa simu, au orodha ya maneno ya kazi na maana zake. Kazi hii iwe kwa Kiswahili, kwani ndiyo watakayoletewa waliohojiwa. Wengi wao huuliza tangu mwanzo watapata faida gani, nao wana haki ya kuuliza. Mwanafunzi asiwaahidi fedha. Awaombe ruhusa, awaulize kama majina yao yatajwe au yafichwe, na kabla ya kutetea kazi yake mbele ya walimu awasomee alichoandika. Wakimrekebisha, marekebisho hayo yaingizwe katika karatasi pamoja na tarehe yake.