Bisi, Marafiki na Tiketi

Kuanzia tarehe 21 hadi 23 Julai 2023, katikati ya likizo za kiangazi, kumbi za sinema za Marekani na Kanada ziliingiza takriban dola milioni 310. Pato kama hilo la wikendi moja lilikuwa halijaonekana tangu Aprili 2019, ilipotoka Avengers: Endgame. Mzigo ulibebwa na filamu mbili: Barbie ya Greta Gerwig, iliyoanza kwa dola milioni 162, na Oppenheimer ya Christopher Nolan, iliyoanza kwa milioni 82. Ya kwanza inamhusu mwanasesere wa plastiki. Ya pili, yenye urefu wa saa tatu, inamhusu mwanafizikia aliyesimamia utengenezaji wa bomu la atomiki. Wasambazaji wa filamu huwa na mwiko wa kutoa filamu mbili kubwa siku moja, kwa hofu kwamba zitanyang'anyana wateja. Safari hii mwiko ulivunjwa na hakuna aliyeumia. Hata kabla ya Ijumaa kufika, chama cha wamiliki wa kumbi kilikuwa kimetangaza kwamba watu zaidi ya 200,000 wamepanga kutazama zote mbili kwa siku moja, yaani saa tano kasoro dakika chache wakiwa gizani, mbali na muda wa kula na kusimama foleni. Wachambuzi wengi walitafuta siri ya mafanikio hayo ndani ya filamu zenyewe. Mimi naona jibu liko kwenye daftari la mwenye ukumbi: anachouza ni mtoko wa watu wanaofahamiana, na filamu ni sababu ya kukutana. Akipanga bei na ratiba kana kwamba anauza filamu kwa mtu mmoja mmoja, anapoteza pesa iliyo mlangoni kwake.

Tuanze na tiketi. Kila tiketi inayokatwa Marekani hugawanywa kati ya ukumbi na msambazaji, na msambazaji ndiye mwenye kisu kikali, hasa wiki za mwanzo ambapo huchukua nusu au zaidi. Disney ilipotoa Star Wars: The Last Jedi mwaka 2017, iliripotiwa kudai asilimia 65 ya mapato, na juu yake ikaweka sharti kwamba filamu ikae kwenye ukumbi mkubwa kuliko yote kwa wiki nne. Bisi na soda hazina msambazaji wa kugawana naye. Mwaka 2023 AMC, kampuni yenye kumbi nyingi za sinema kuliko zote duniani, iliingiza karibu dola bilioni 2.7 kwa tiketi na karibu bilioni 1.7 kwa vyakula na vinywaji. Malipo ya filamu yalipita dola bilioni moja, ilhali gharama ya kununua vyakula na vinywaji hivyo haikufika milioni 350. Kwa hiyo kwenye dola moja ya tiketi ukumbi ulibaki na nusu hivi, na kwenye dola ya bisi ulibaki na senti 80, kabla ya pango, umeme na mishahara. Sasa jiulize ni nani anayenunua bisi. Mtu aliyekuja peke yake Jumanne alasiri huingia, akatazama, akaenda zake. Kundi la wanne Jumamosi jioni hufika mapema, humngoja mwenzao aliyechelewa, hununua ndoo kubwa ya kuchangia na vinywaji vya kila mmoja, kisha hutafuta mahali pa kukaa ili wabishane kuhusu walichokiona. Wiki ile ya Barbie AMC iliuza hata bisi ndani ya kigari cha waridi, na watu walifika wamevalia rangi hiyohiyo kama walioalikwa harusini. Mtu havai sare ili akae peke yake.

Kwamba mteja halisi ni kundi kunaonekana vizuri zaidi pale mipango ya bei inaposhindwa. Februari 2023 AMC ilianza kutoza kulingana na kiti, kama wafanyavyo wenye ndege: viti vya katikati bei ya juu, safu ya mbele kabisa bei nafuu. Tarehe 20 Julai, siku moja kabla ya wikendi tunayoizungumzia, ikatangaza kwamba inauacha mpango huo. Washindani hawakuuiga, na watazamaji hawakuhamia safu ya mbele hata ilipopunguzwa bei. Tafsiri yangu ni hii: abiria wa ndege hukubali kutenganishwa na mwenzake ili aokoe pesa, kwa kuwa anachotaka ni kufika. Waliotoka pamoja hawakubali, maana kukaa pamoja ndiko walikokulipia. Asiyeweza kulipia kiti cha katikati huwavuta wenzake wote kwenye viti vya kawaida, au huwashawishi waende kwingine.

Somo kama hilo lilikuwa limeshatolewa na MoviePass. Kuanzia Agosti 2017 kampuni hiyo iliuza usajili wa dola 9.95 kwa mwezi, mteja akaruhusiwa kutazama filamu moja kila siku, huku yenyewe ikizilipa kumbi bei kamili ya tiketi. Watu walijaa, kumbi zikauza bisi, na MoviePass, isiyo na fungu kwenye bisi, ikafungwa Septemba 2019. AMC ilianzisha usajili wake Juni 2018, karibu dola 20 kwa filamu tatu kwa wiki, na huo ukadumu. Tofauti ni kwamba AMC inamiliki kaunta ya vyakula, na mwanachama wake anapomleta rafiki asiye mwanachama, tiketi ya rafiki huyo hulipwa nayo.

Kuna pingamizi moja zito, kwamba filamu ndiyo kila kitu. Bila Barbie hakuna waridi, na bila Nolan hakuna aliyetafuta Oppenheimer kwenye ukanda wa IMAX wa milimita 70, uliokuwa na urefu wa kilomita 18 na uzito wa kilo zaidi ya 270, ukaonyeshwa kwenye kumbi 30 tu duniani kote. Tena Warner Bros. iliripotiwa kutumia dola milioni 150 kuitangaza Barbie, zaidi ya gharama ya kuitengeneza. Yote ni kweli, na hakuna mwenye akili atakayefungua ukumbi bila filamu nzuri. Lakini kumbi 30 haziwezi kueleza mamilioni ya tiketi, na mzaha wa kuziunganisha filamu mbili katika siku moja ulianzishwa na umma wenyewe, bila bajeti ya mtu. Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa Jumamosi ya tarehe 3 Septemba 2022. Siku hiyo kumbi za Marekani zilishusha tiketi hadi dola 3, wiki ambayo haikuwa na filamu mpya yenye jina. Waliingia watu milioni 8.1. Miongoni mwa filamu walizozijazia viti ni Top Gun: Maverick, iliyotoka Mei na ambayo tayari ilikuwa inauzwa kwa njia ya mtandao kwa yeyote aliyetaka kujilaza kwenye kochi lake. Atakayesema basi ni bei tu, nitakubaliana naye kwa sehemu. Bei ilikuwa imeshuka kiasi kwamba katika kundi la marafiki hakuna hata mmoja wa kusema hana, na huyo mmoja asiye nacho ndiye huvunja mipango ya watano.

Pingamizi la pili linanipa kazi zaidi. Kama mtoko ndio bidhaa, mbona waliouza mtoko mtupu walianguka? Mwishoni mwa Julai hiyohiyo ya 2023, Lighthouse Immersive, iliyokuwa ikiangaza michoro ya Van Gogh kwenye kuta na sakafu za majengo makubwa ya miji ya Amerika Kaskazini, ilikimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai. Ilikuwa imeuza mamilioni ya tiketi. Watu walikwenda na marafiki, wakapiga picha, na hawakurudi, kwa kuwa kuta zilikuwa zilezile. Ukumbi wa sinema hubadilishiwa bidhaa kila Ijumaa na watu wengine, kwa gharama yao. Ndiyo maana nasema filamu ni sababu ya kukutana, na sababu ikishazeeka mwaliko nao hufa. Makumbusho ya taifa ya Uingereza yalipata njia nyingine tangu Desemba 2001, ada ya mlangoni ilipofutwa: mkusanyiko wa kudumu hutazamwa bure, maonyesho maalumu hulipiwa, na mgahawa pamoja na duka hungoja njiani. Kundi la marafiki wenye mifuko tofauti linaweza kuingia lote, kisha kila mtu akatumia kwa kadiri yake.

Sitaki msomaji aone nauza ndoto. AMC ilimaliza mwaka huohuo wa 2023 na hasara ya karibu dola milioni 397, kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya riba ya madeni iliyokuwa nayo kabla hata ya janga la UVIKO. Kampuni inaweza kuielewa biashara yake vizuri na bado ikazamishwa na mikopo. Waandishi wa Hollywood walikuwa kwenye mgomo tangu Mei na waigizaji tangu tarehe 14 Julai, kwa hiyo filamu zikasogezwa mbele. Dune: Part Two ikahamishwa kutoka Novemba hadi Machi 2024, na kumbi zikakosa vya kuonyesha. Studio nazo zilijaribu kuurudia muujiza Novemba 2024 kwa kuzitoa Wicked na Gladiator II siku moja. Zilipata dola milioni 112 na milioni 55: pesa nzuri, ingawa jozi iliyopangwa mezani haikuwa na utani wa ile iliyozuka yenyewe.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ushahidi uko karibu zaidi. Kibanda umiza, yaani ukumbi wa video wa mtaani, kina mabenchi yanayochosha mgongo, joto, na runinga ambayo familia nyingi sasa zina bora zaidi nyumbani, lakini kilijaa. Kilichouzwa mle ni sauti ya Derek Gasper Mukandala, maarufu Lufufu, akifasiri filamu za nje kwa Kiswahili na vikorombwezo vyake, au DJ Afro kwa upande wa Kenya, na kelele za watu wanaocheka kwa pamoja. Jumamosi mwenye kibanda hubadilisha na kuweka ligi ya Uingereza, na wateja ni walewale. Kumbi rasmi za Dar es Salaam na Nairobi zimehamia ndani ya maduka makubwa, na hapo zimepata maegesho, vyakula na ulinzi. Lakini anayepanga kufungua ukumbi Mwanza au Mombasa akianza kwa kuuliza atapata filamu gani, ameanzia katikati. Aulize kwanza vijana wanne watakaotoka pale saa nne usiku watarudi nyumbani kwa usafiri gani, na kwa bei gani, maana nauli ya bodaboda ya kurudia inaweza kushinda tiketi aliyopanga kuwauzia.