Faili la 1,021

Sogeeni, wanangu, niwaeleze jinsi programu inavyoweza kukwama katika kazi inayoonekana nyepesi.

Kila mwaka Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa matokeo ya darasa la saba shule kwa shule. Tuseme ninyi mmepewa faili moja kubwa la watoto wote wa nchi, zaidi ya milioni moja, na wamechanganyika: mstari wa kwanza mtoto wa Kyela, wa pili wa Mafinga, wa tatu wa Chunya, kisha Kilolo, kisha Kyela tena. Kila mtoto apelekwe kwenye faili la shule yake, na programu yenu kila ikikuta shule mpya inafungua faili lake na kuliacha wazi.

Mkijaribu kwa wilaya ya Kilolo peke yake, kazi inakwisha mara moja. Leteni nchi nzima, yenye shule za msingi zaidi ya 16,000, na programu itagoma kwenye shule ya 1,021, ikisema mafaili yaliyo wazi yamezidi. Mbona 1,021? Kompyuta nyingi za Linux huiruhusu programu moja kuwa na mafaili 1,024 wazi kwa wakati mmoja. Kila faili linalofunguliwa hupewa namba kuanzia 0, na tatu za mwanzo zimeshachukuliwa kabla hamjaanza: ya kupokea maandishi, ya kutoa majibu na ya kutoa taarifa za makosa. Namba 3 ni ya lile faili kubwa mnalolisoma. Shule zinabakiwa na nafasi 1,020.

Kikomo hiki kina sababu. Kila faili lililo wazi hula kumbukumbu ya mfumo endeshi, na programu inayosahau kufunga ingeweza kuzinyima nyingine zote. Unix ya mwaka 1979, mfumo endeshi uliotangulia Linux, iliruhusu mafaili 20 tu kwa programu.

Mtaambiwa mwandike amri ya ulimit -n na namba kubwa zaidi ili kukipandisha kikomo, yaishe. Seva zinazohudumia maelfu ya watu hufanya hivyo, na ni sawa. Lakini programu iliyotengenezwa Iringa ikipelekwa Mbeya kwenye kompyuta ya mtu mwingine, itakuta kikomo kingine. Nawataka mjue kufunga.

Mama lishe wa Mwanjelwa mwenye mafiga machache na sufuria nyingi huiepua ile ambayo haijahitaji mwiko kwa muda mrefu. Nanyi wekeni wazi mafaili 500, tuseme. Akija mtoto ambaye faili la shule yake limefungwa, tafuteni lile lililokaa muda mrefu kuliko yote bila kuandikwa, lifungeni, ndipo mfungue la mtoto huyu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watoto wa watu hupotea. Faili likifunguliwa kwa kuandika upya, kilichomo hufutwa. Shule moja ya Kalenga ilikuwa na watoto 30 faili lake lilipofungwa. Likifunguliwa hivyo kwa ajili ya mtoto wa 31, mtabaki na huyo mmoja, na kompyuta haitasema lolote. Kwa hiyo programu itunze orodha ya shule ilizokwisha kuzifungua: mara ya kwanza iandike upya, mara zote zinazofuata iongeze mwishoni.

Hata hivyo, mistari ikichanganyika sana, karibu kila mtoto atadai faili lililofungwa, na programu itashinda ikifunga na kufungua. Mimi ningepanga kwanza lile faili kubwa kwa namba ya shule. Watoto wa shule moja wakishakaa pamoja, mnafungua faili lao, mnawaandika wote, mnalifunga, mnahamia shule inayofuata. Mafaili ya kazi yaliyo wazi hayazidi mawili. Hata sort, programu ya kupanga inayokuja na Linux, huishi hivyo: data isipoenea kwenye kumbukumbu, huikata vipande ikavihifadhi kwenye diski, kisha huviunganisha, na kwa kawaida haifungui zaidi ya vipande 16 kwa mkupuo mmoja.