Kompyuta ya Nyumbani Itakayodumu: Tuanzie Wapi Kuchagua?

Mwalimu mmoja wa sekondari, rafiki yangu wa siku nyingi, alinunua kompyuta ya mezani kwa akiba ya miaka miwili. Mchana aliitumia kuandaa mitihani na kutunza alama za wanafunzi. Jioni wanawe waliitumia kwa michezo. Ilikuwa na prosesa yenye kasi na kadi ya picha ya bei kubwa. Hata hivyo, haikumaliza mwaka wa pili. Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarejea kwa kishindo, na kompyuta haikuwaka tena. Fundi alipoifungua alikuta kisanduku cha umeme, kile ambacho mafundi hukiita pawa saplai, kimeungua, nacho kimeharibu ubao mkuu pamoja na diski. Alama za mihula minne zilipotea. Prosesa, iliyokula fedha nyingi, ilikuwa nzima kabisa.

Kisa hiki si cha pekee. Wanunuzi wengi huanza na sehemu inayokokotoa, kisha kwa fedha zilizobaki hununua sehemu zinazoilisha umeme na kuipoza. Katika makala haya tutaeleza kwa nini yafaa mpangilio huo ugeuzwe.

KINACHOIZEESHA KOMPYUTA

Prosesa ina mabilioni ya transista, wala haina kiungo kinachosogea. Ikipewa volti sahihi na kupozwa vyema, aghalabu hudumu kupita haja ya mwenyewe. Vinavyochakaa mapema ni vingine: feni, kwa kuwa huzunguka mchana kutwa, diski, na kapasita zenye kimiminika ndani, ambacho hukauka polepole. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita nyingi zilitengenezwa kwa kimiminika kibovu. Zilivimba vichwa na kupasuka, na kompyuta nyingi ulimwenguni zikafa kabla ya wakati wake.

Kwa kapasita za namna hii wahandisi wana kanuni ya kukadiria: joto likipungua kwa nyuzi 10 za Sentigredi, maisha ya kapasita huongezeka maradufu. Tuchukue mfano. Kapasita imeandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105. Ikifanya kazi kwa nyuzi 75, maisha yake huongezeka maradufu mara tatu, yaani saa 16,000. Kwa nyuzi 65 ni saa 32,000. Kompyuta inayotumika saa 8 kwa siku hutumika saa 2,920 kwa mwaka. Basi kapasita ya kwanza itadumu takriban miaka mitano na nusu, na ya pili takriban miaka kumi na mmoja. Tofauti ya nyuzi 10 tu imeleta miaka mitano na zaidi.

Sasa fikiri, msomaji: kifaa kilichosifiwa baada ya kupimwa katika chumba cha nyuzi 22 huko Ulaya huja kufanya kazi katika chumba cha nyuzi 32 mjini Dar es Salaam. Joto la chumba hujumlishwa na lile linalozalishwa ndani ya kasha. Kwa kanuni ile ile, umri wa kapasita hupungua kwa nusu hata kabla mchezo wa kwanza haujachezwa.

KWANZA: UMEME

Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Maana yake, wimbi moja huchukua milisekunde 20. Kisanduku cha umeme cha kawaida, kikiwa na mzigo mkubwa, huweza kuishikilia kompyuta kwa takriban milisekunde 16 tu baada ya umeme kukatika. Hakifikishi hata wimbi moja! Kwa hiyo UPS si anasa. Huipa kompyuta dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzimwa kwa utaratibu. Chagua ile inayorekebisha volti zinapopanda na kushuka, na uangalie wati zake, si namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi peke yake. Kumbuka pia kwamba betri yake huchakaa, nayo itahitaji kubadilishwa.

Kisanduku chenyewe kichaguliwe kwa hesabu. Tuseme prosesa inatumia wati 65, kadi ya picha ya kiasi wati 115, na sehemu zilizobaki wati 60. Jumla ni wati 240. Kisanduku cha wati 550 kitafanya kazi karibu na nusu ya uwezo wake. Hapo ndipo visanduku vingi huwa na ufanisi bora, na feni yake huzunguka taratibu.

Alama ya 80 PLUS, iliyoanza mwaka 2004, huonyesha ufanisi wa angalau asilimia 80. Kwa ufanisi huo, ili kutoa wati 240 kisanduku huvuta wati 300, na wati 60 hugeuka joto. Lakini alama hiyo haisemi lolote kuhusu kinga. Kwa hiyo tafuta pia kinga dhidi ya volti kuzidi na dhidi ya shoti, kapasita za nyuzi 105, na waranti ya miaka mingi. Mwisho, hakikisha soketi ya ukutani ina waya wa ardhi ulio hai.

PILI: KUPOZA

Nguvu inayotumiwa na prosesa huongezeka kwa kadiri ya kasi yake na kwa kipeo cha pili cha volti. Ukipunguza volti kwa asilimia 10 bila kubadili kasi, nguvu hiyo hushuka hadi asilimia 81. Ndiyo sababu kuilazimisha prosesa ipite kasi yake, kwa kuiongezea volti, ni kununua kasi kidogo kwa joto jingi. Mwaka 2024 kampuni ya Intel ilieleza kwamba volti zilizopanda kupita kiasi ziliharibu baadhi ya prosesa zake za Core za kizazi cha 13 na 14. Ilitoa programu ya marekebisho na kuongeza waranti kwa miaka miwili.

Kasha liwe na uso wenye matundu na vichujio vya vumbi vinavyotoleka. Feni mbili ziingize hewa mbele na moja iitoe nyuma. Hewa inayoingia ikizidi inayotoka, vumbi halipenyi kirahisi kwenye nyufa. Kompyuta isiwekwe sakafuni wala ndani ya kabati, na kitambaa cha kufuma kisiifunike ikiwa inafanya kazi. Wakazi wa pwani wana adui mwingine, yaani unyevu wenye chumvi, ambao huleta kutu kwenye viungo vya metali.

TATU: NAFASI YA KUKUA

Ubao mkuu ndio huamua kama kompyuta itaweza kuongezwa uwezo. Soketi ya AM4 ya kampuni ya AMD ilitoka mwaka 2016. Mbao nyingi zilizouzwa mwaka 2017 ziliweza, baada ya kusasishwa programu yake ya msingi, kupokea prosesa ya Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022. Hivyo mnunuzi aulize soketi itahudumiwa hadi lini, na aache nafasi tupu za kumbukumbu.

Kuhusu diski zisizozunguka, hofu ya wengi imezidi. Diski nyingi za terabaiti 1 hupewa dhamana ya kuandikwa takriban terabaiti 600. Ukiandika gigabaiti 40 kila siku, utahitaji siku 15,000, yaani miaka 41, kuimaliza. Diski hizo hufa zaidi kwa hitilafu za saketi na za umeme, nazo hufa bila kuaga. Kwa hiyo weka nakala ya kazi zako mahali pengine.

Kompyuta nzima inaweza pia kuachwa na programu. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, hudai chombo cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi zenye afya zilibaki nje. Baadhi ya wenyewe wamehamia Linux.

JARIBIO LA SHULENI

Walimu wa fizikia wanaweza kuwapa wanafunzi ubao mkuu wa kompyuta iliyokufa, wachunguze kapasita zilizovimba na kusoma nyuzi zilizoandikwa. Lakini kisanduku cha umeme kisifunguliwe kamwe: kilele cha wimbi la volti 230 ni takriban volti 325, na kapasita zake zaweza kushikilia chaji hatari hata baada ya kuchomolewa.

Rafiki yangu alinunua kompyuta nyingine. Safari hii alianza na UPS, kisanduku cha umeme na kasha, kisha akachagua prosesa na kadi ya picha kwa fedha zilizobaki. Wanawe walinung'unika kwamba michezo imepungua mwendo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, akawajibu, naye amekwisha kujenga ukuta mara moja.