Fahamu: Kwa nini nanotyubu ya kaboni hunasa ghafla

Maikrofoni ya simu iliyo mkononi mwa mfanyabiashara wa Kitengela au mfugaji wa Kajiado kwa kawaida ni utando mwembamba wa silikoni unaotikisika karibu na bamba lenye chaji. Mnyumbuko wa utando huurudisha mahali pake, na nguvu hiyo huongezeka sawia na umbali uliosogea. Mvuto wa umeme hukua haraka zaidi: volti zikibaki zilezile, pengo likipungua nusu mvuto huwa mara 4. Ndiyo maana, katika mfano wa mabamba sambamba, bamba linalosogea likishavuka theluthi moja ya pengo halizuiliki tena, linavutwa hadi linagota.

Nanotyubu za kaboni, yaani mirija midogo mno ya kaboni aliyoieleza Sumio Iijima mwaka 1991, zina unene wa nanomita chache tu. Pengo nalo likiwa dogo kiasi hicho, mvuto wa van der Waals baina ya atomi huongezeka juu ya ule wa umeme. Nanotyubu hunasa kwa volti ndogo zaidi, na huenda isibanduke umeme ukizimwa. Je, ni kasoro? Kwa kihisio, ndiyo. Lakini mwaka 2000 watafiti wa Harvard walipendekeza kumbukumbu ya kompyuta inayotegemea kunasa huko kuhifadhi data bila umeme. Atakayesema tuikaze nanotyubu ili isinase akumbuke kwamba ikikazwa hudai volti nyingi zaidi na hupoteza wepesi. Kwa kuwa hapa umeme na mnyumbuko havitengani, Kenya inayotengeneza chipu katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, inahitaji wahandisi wanaofundishwa umeme na mekanika kwa pamoja, tangu mwaka wa kwanza.